UZI: Mgonjwa wako anapigwa mionzi ya nyonga na anaharisha? Usimnyime chakula

Afisa Lishe Kusini

Wakuu, heshima kwenu.

Uzi huu nauandika kwa familia za Mtwara na Lindi zenye mgonjwa aliyepewa rufaa kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar, kupigwa mionzi ya nyonga. Iwe ni saratani ya shingo ya kizazi, tezi dume, kibofu au njia ya haja kubwa, habari ya tumbo inafanana. Mimi kazi yangu ni lishe, na kuna jambo linaniuma kila ninapoliona. Mama anarudi nyumbani, matibabu yamekamilika, lakini kabaki mifupa. Ukiuliza, unaambiwa alianza kuharisha, wakamtoa maharage, wakamtoa mboga, wakamtoa matunda, mwisho wakamtoa hata samaki, akabaki na uji mweupe na chai ya rangi kwa wiki nzima nzima. Waliofanya hivyo ni watu wanaompenda, walidhani wanampumzisha tumbo.

Kwanza tuelewe kinachotokea ndani. Utando wa utumbo mdogo hujijenga upya kila baada ya siku 3 hadi 5, kwa hiyo seli zake zinagawanyika upesi sana. Mionzi huziumiza zaidi seli za namna hiyo. Daktari analenga uvimbe, lakini utumbo umelala palepale jirani, nao unapata sehemu yake. Utando ukichubuka, chakula hakisharabiwi vizuri, maji yanabaki ndani ya utumbo, na nyongo ambayo kwa kawaida hurudishwa mwilini kupitia mwisho wa utumbo mdogo inateremka hadi utumbo mpana na kuvuta maji zaidi. Ndiyo maana mgonjwa anaharisha hata kama hajala kitu kibaya. Kumnyima chakula hakuponyi utando ule. Ili ujijenge upya unahitaji protini na nguvu, na vyote viwili vinatoka kwenye sahani.

Kwa shingo ya kizazi, mpangilio wa kawaida ni mionzi ya nje siku 5 kwa wiki, kwa takriban wiki 5, na wengi huwekewa pia dripu ya sisplatini, dawa ya kemo, mara moja kwa wiki. Halafu inafuata mionzi ya ndani. Tumbo huanza kusumbua wiki ya 2 au ya 3, linazidi kuelekea mwisho, kisha linatulia taratibu wiki chache baada ya kumaliza. Ukijua ratiba hiyo hushtuki. Wiki ya kwanza mgonjwa akiwa bado ana hamu, huo ndio wakati wa kumlisha vizuri.

Halafu hili la maji. Wagonjwa wengi huambiwa wanywe maji na wabane mkojo kabla ya kuingia kwenye mashine. Wengine wanadanganya kwamba wamekunywa kwa sababu wanaogopa kujikojolea. Tafadhali wasifanye hivyo. Kibofu kikijaa kinausukuma utumbo juu, unakaa mbali kidogo na njia ya mionzi. Kwa hiyo maji yale ni kinga ya tumbo lake mwenyewe.

Sasa kwenye sahani. Makadirio ya wataalamu wa lishe ya saratani ni protini gramu 1 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mama wa kilo 50 anahitaji gramu 50 hadi 75. Yai moja lina gramu 6 hivi. Kipande cha samaki cha gramu 100 kina kama 20. Ugali wa muhogo protini yake ni kidogo mno, na huku kwetu ndio wengi wanaoutegemea. Ugali wa muhogo na mlenda mtupu unajaza tumbo lakini haumjengi mgonjwa huyu. Simkatazi ugali wake. Ninachosema ni kwamba pembeni ya ugali huo lazima kiwepo changu, tasi au kibua wa kuchemsha, yai, kuku, au dagaa waliotolewa vichwa wakasagwa unga ukanyunyizwa kwenye mchuzi.

Mgonjwa asiyetaka chakula kizito mpikie uji wa mchele na korosho. Chemsha mchele na maji mengi mpaka upondeke wenyewe. Pembeni chukua korosho zilizobanguliwa na kumenywa, zisizokaangwa, vipande vinatosha na bei yake ni nafuu. Ziloweke usiku, zioshe, zitwange kwenye kinu kidogo mpaka ziwe laini kabisa zianze kutoa mafuta mafuta. Vijiko viwili vya chakula vinatosha bakuli moja. Korogea ndani ya uji ukiwa bado motoni, uache uchemke tena kidogo, tia chumvi kidogo. Ukitaka kuuongezea nguvu, vunja yai, lipige, ulimimine taratibu huku unakoroga mpaka liive. Bakuli moja mgonjwa anaweza kulinywa kwa awamu, asubuhi hadi saa nne. Korosho ina mafuta mengi, kwa hiyo ukiona choo kinazidi au kinaelea na kung'aa, punguza kijiko kimoja, usiondoe chote.

Vya kupunguza wakati tumbo limechafuka: tui zito, vya kukaanga, pilipili, kahawa, soda, na maziwa freshi. Maziwa ni kwa sababu utando ulioumia hupungukiwa na kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa. Mtindi wengi wanauvumilia. Wali wa nazi aendelee nao, ila wa tui la pili.

Ale kidogo kidogo mara 5 au 6 kwa siku. Mpime uzito kila wiki, aandikiwe. Uzito ukishuka, waambieni hapohapo kliniki, msingoje mpaka nguo zimvuke.

---

BintiTandahimba

Asante sana mkuu, uzi umekuja wakati wake. Mama yangu yupo Dar, kafikia kwa mama mdogo Mbagala, yuko wiki ya tatu ya mionzi. Mama mdogo ameambiwa na jirani kwamba mgonjwa wa mionzi haruhusiwi kitu chochote chenye nyuzinyuzi. Hampi mboga wala tunda wala kunde. Mama anaharisha na bado anapungua. Mama mdogo mkali, nikimwambia ananijibu mimi niko mbali sijui kitu. Nimwambie nini?

---

Afisa Lishe Kusini

Dada, pole na hongera kwa kumfuatilia mama. Mama mdogo usimlaumu. Ushauri huo ulitolewa miaka mingi hata mahospitalini, hajautunga yeye.

Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa hospitali ya Royal Marsden ya London. Walichukua watu waliokuwa wanapigwa mionzi ya nyonga, wakawagawa kwa kura: wengine wapunguze nyuzinyuzi, wengine waziongeze, wengine wale kama walivyozoea. Walioziongeza ndio waliopata madhara machache ya tumbo, hata mwaka mmoja baadaye. Watafiti wakasema wazi kwamba kuwakataza wagonjwa nyuzinyuzi hakuna msingi.

Hiyo haina maana ampikie mama kande yenye maganda na kisamvu sahani nzima leo jioni. Nyuzinyuzi ziko za aina mbili. Ziko zinazovuta maji na kuwa kama ute: ndizi mbivu, papai, embe iliyoiva vizuri, boga, karoti iliyopikwa, bamia, mlenda, uji wa shayiri. Hizi hufanya choo kishikane. Na ziko ngumu: pumba, maganda ya mahindi, ngozi za maharage, mabua ya mboga. Tumbo likiwa limewaka, hizi ngumu mpunguzie kwa siku chache tu, halafu arudishiwe.

Kwa hiyo mwambie mama mdogo hivi, na kwa heshima: "Mama mdogo, afisa lishe kasema mama ale ndizi mbivu mbili kwa siku, mlenda wa bamia kidogo, na choroko zilizokobolewa zipikwe mpaka zivurugike." Mpe kitu cha kufanya. Ukimpa katazo la kupinga katazo lake mtabishana mpaka mionzi iishe. Na mwombe siku moja aingie na mama kliniki aulize mwenyewe.

---

Kilwa Masoko

Mimi ni mtu mzima, nilipigwa mionzi ya tezi dume. Kwangu haikuwa kuharisha maji. Nabanwa, nakimbilia chooni, nikifika hakuna kitu, ute tu, na gesi nyingi. Nauliza kuhusu madafu. Huku madafu ni mengi, je, yanatosha badala ya zile pakiti za ORS? Na pili, msimu wa mabibo vijana wanakuja na uraka. Kidogo kina madhara?

---

Afisa Lishe Kusini

Shikamoo mzee. Pole kwa maradhi.

Hali hiyo ya kubanwa bila kitu kutoka ni kwa sababu njia ya haja kubwa imekaa nyuma kabisa ya tezi dume, kwa hiyo ndiyo iliyopata mionzi zaidi kuliko utumbo mdogo. Kwa gesi, punguza kwa muda kabichi, vitunguu vingi, maharage yenye ngozi na soda. Kula taratibu, tafuna vizuri. Usijikamue chooni. Na ukiona damu usiseme tu ni bawasiri, nenda ukaangaliwe.

Madafu ni mazuri, yana potasiamu nyingi, madini ambayo anayeharisha huyapoteza. Lakini chumvi yake ni ndogo, kwa hiyo hayachukui nafasi ya ORS. Anayeharisha maji anywe ORS, dafu liwe la ziada. Pakiti ikikosekana: maji safi na salama lita 1, sukari vijiko vya chai 6 vilivyosawazishwa, chumvi nusu ya kijiko cha chai, nayo iliyosawazishwa. Pima kwa kijiko, usikadirie kwa mkono, kwa sababu chumvi ikizidi inadhuru. Mgonjwa wa figo au mwenye kuambiwa potasiamu yake iko juu asinywe madafu kabla ya kuuliza.

Uraka, mzee wangu, uache mpaka tumbo litulie kabisa. Pombe inachoma utando ulioumia na inakausha maji mwilini.

---

Sista wa Masasi

Naomba niongezee kwa upande wa uuguzi, maana watu wanapotea hapa.

Mgonjwa anayepata dripu ya kemo akapata homa ya nyuzi 38 au zaidi, msimpe dawa ya malaria nyumbani mkasubiri. Kipimo cha malaria kifanyike ndiyo, lakini hospitalini, siku hiyohiyo, na mseme yuko kwenye kemo na mionzi. Chembe nyeupe za damu yake zinaweza kuwa zimeshuka, na maambukizi ya kawaida yanaweza kumuua haraka.

La pili, sisplatini inaumiza figo, na figo huumia zaidi mtu akiwa amekaukiwa. Kwa hiyo kuharisha kwa mgonjwa huyu si jambo la kuvumilia kimya. Mkojo ukiwa mchache na wa rangi kali, akiwa na kizunguzungu akisimama, anatapika hawezi kushika hata maji, choo kina damu, au tumbo limevimba na linauma bila kutoa choo wala gesi: hospitali. Wapo wagonjwa wanaowaficha madaktari wasisimamishiwe matibabu. Waambieni ukweli. Wakijua mapema, mara nyingi dawa na maji vinatosha na mionzi inaendelea bila kukatika.

Dawa ya kuzuia kuharisha, loperamaidi, inafanya kazi vizuri kwa hali hii, ila aandikiwe na waliomtibu. Mwenye homa au choo cha damu asiimeze kwa uamuzi wake. Na wanaotumia ARV waendelee nazo. Kama anatapika muda mfupi baada ya kumeza, aseme kliniki, asiache kimyakimya.

---

Mwana Newala

Sista ubarikiwe. Bibi yangu alikuwa anachemshiwa majani ya mpera na kuna mtu kaleta unga wa mizizi anasema unasafisha saratani. Mnaonaje?

---

Afisa Lishe Kusini

Kaka, majani ya mpera tumekua nayo wote, hakuna asiyejua. Tatizo ni kwamba hapa kuharisha hakukuletwa na uchafu wa chakula, kumeletwa na mionzi, na majani hayo hayaondoi chanzo. Siku bibi anazokunywa hayo ndizo siku ambazo angepaswa kunywa ORS na kuonana na daktari. Unga wa mizizi ndio unaonitisha zaidi. Hakuna anayejua kipimo chake wala kilichomo, na kama bibi yuko kwenye sisplatini, figo zake tayari zina mzigo. Usimvunjie heshima aliyeleta, pokea, weka kabatini, usimpe bibi. Chukua sehemu kidogo, mwonyeshe daktari.

Hivyo hivyo kwa vidonge vya bakteria wazuri vinavyouzwa famasi. Baadhi ya miongozo inavipendekeza kwa kuzuia kuharisha kwa mionzi ya nyonga, mingine inasema ushahidi bado ni mdogo. Mwenye chembe nyeupe zilizoshuka anaweza kudhurika navyo. Muulize daktari kwanza.

---

BintiTandahimba

Mkuu, nimeongea na mama mdogo, amekubali ndizi na mlenda 🙏 Sasa nina wasiwasi na safari ya kurudi. Toka Dar mpaka Tandahimba ni siku nzima ndani ya basi, na mama hawezi kukaa saa mbili bila choo.

---

Afisa Lishe Kusini

Hili watu hawaliongelei na ndilo linalowafanya wagonjwa wengi wafunge kula siku mbili kabla ya safari. Asifunge. Akipanda basi tumbo likiwa tupu na mwili umekauka atazimia njiani.

Kama inawezekana asisafiri siku ileile aliyomaliza, maana siku za mwisho ndipo tumbo linasumbua zaidi. Apumzike Mbagala kwanza. Jioni ya kabla ya safari ale wali laini na samaki wa kuchemsha, asile cha kukaanga wala pilipili. Asubuhi yai la kuchemsha na ndizi, au ule uji. Awe na chupa ya ORS anayonyonya kidogo kidogo, si kunywa lita moja kwa mkupuo. Loperamaidi kama ameandikiwa, aulize muda wa kuimeza siku ya safari.

Kata tiketi siti ya mbele upande wa mlango, na mwambie kondakta kabla gari haijatoka kwamba una mgonjwa wa hospitali, mtahitaji kuchimba dawa zaidi ya wengine. Ukimwambia mapema, wengi ni waungwana. Ukimwambia mama akiwa ameshabanwa, gari likiwa kwenye mwendo, inakuwa fedheha. Chukua kanga mbili za ziada, maji ya kutawadha, taulo, na nguo ya kubadili. Chakula cha njiani kitoke nyumbani. Chipsi na mishikaki ya Kibiti au Nangurukuru asiguse. Wakati wa mvua beba chakula cha zaidi, tunakumbuka 2024 barabara ilivyokatika Somanga baada ya kimbunga Hidaya watu wakalala njiani.

---

Abuu Lindi

Assalam alaykum. Ramadhani ikimkuta mgonjwa katikati ya mionzi, na yeye anataka kufunga, tumfanyeje? Mzazi wangu ana msimamo sana.

---

Afisa Lishe Kusini

Waalaykum salaam. Upande wangu nasema: anayepigwa mionzi ya nyonga na kuharisha hawezi kukaa mchana kutwa bila maji salama, na kama yupo kwenye sisplatini hatari iko kwenye figo. Upande wa dini, aya ya 185 ya Suratul Baqara imemruhusu mgonjwa kula na kulipa siku nyingine. Mlete sheikh anayemheshimu azungumze naye, na ikiwezekana sheikh asikie kutoka kwa daktari kwanza. Mzazi mwenye msimamo humsikiliza sheikh wake kuliko wanawe.

---

Nachingwea Mjini

Mkuu nimesoma uzi wote. Mimi nilimaliza mionzi ya shingo ya kizazi mwaka juzi. Naambiwa nimepona, namshukuru Mungu. Lakini tumbo halijarudi. Choo laini mara nne mara tano kwa siku, kinanuka na kinaelea. Kwenye zahanati moja nimeandikiwa Flagyl mara nyingi, wanasema amiba, mara wanasema taifodi. Nikimeza natulia kidogo halafu inarudi. Nimeshazoea kutokula nikiwa na safari au sherehe.

---

Afisa Lishe Kusini

Mama, pole sana, na usiizoee hali hiyo, ina majina na ina tiba.

Madhara ya mionzi kwenye utumbo yanaweza kubaki au kuanza miezi na hata miaka baada ya matibabu. Choo kinachoelea na kunuka kinaonyesha mafuta hayasharabiwi. Sababu kubwa ni mbili au tatu. Ya kwanza ni ile nyongo niliyoieleza juu: sehemu ya mwisho ya utumbo mdogo ikiharibika, nyongo hairudi, inateremka na kuharisha. Kuna dawa ya kuidaka, kolestiramini, na kupunguza mafuta kwenye chakula kunasaidia sana. Ya pili ni bakteria kuzaana kupita kiasi ndani ya utumbo mdogo. Huenda ndiyo sababu Flagyl inakutuliza halafu hali inarudi, hata kama amiba hawapo. Hiyo inahitaji mpango wa daktari, si dozi za kurudia rudia bila kipimo. Ya tatu ni maziwa, jaribu kuyaacha wiki mbili uone.

Sehemu hiyohiyo ya utumbo ndiyo inayosharabu vitamini B12. Ikipungua unapata upungufu wa damu, ganzi miguuni, usahaulifu, uchovu usioisha. Omba upimwe damu. Ikithibitika inatibika kwa sindano.

Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, Sokoine pale Lindi, au Ndanda kama ndiyo karibu, na neno la kwanza kutoka mdomoni mwako liwe: "Nilipigwa mionzi ya nyonga." Beba kadi na karatasi zote za Ocean Road. Kama zimepotea, mwombe daktari awasiliane nao wapate muhtasari wa matibabu yako. Kabla ya kwenda, andika siku saba mfululizo ulichokula na mara ulizokwenda chooni, hicho kinampa daktari mwanga mkubwa.

Na nikuulize hapa wazi kwa sababu wanawake wengi wanaona haya kulisema: kuna mkojo au choo kinachovuja kupitia ukeni? Kama kipo, ni fistula, nayo huweza kuletwa na mionzi. Hiyo si ya lishe, ni ya daktari bingwa, na usiifiche. Ukiona aibu kuandika hapa, nitumie ujumbe wa faragha au mwone Sista wa Masasi.

---

Nachingwea Mjini

Hakuna kuvuja, Alhamdulillah. Ni hilo tumbo tu. Jumatatu nakwenda Ndanda. Kuhusu mafuta, korosho niache kabisa?

---

Afisa Lishe Kusini

Usiache kabisa. Kula chache, siku ambazo mlo mwingine hauna tui wala vya kukaanga, na uandike kwenye ile karatasi kilichotokea baadaye. Ukirudi Jumatatu tuambie wamesemaje, tupange sahani yako kutokea hapo.